Programu ya duka kwenye wingu: mwaka wangu wa kwanza, Ngamiani na Muheza

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga, na tawi dogo Muheza. Miaka sita mauzo na stoo vilikaa kwenye kompyuta moja ya mezani, kwa programu niliyoilipia mara moja tu. Nilipokuwa na duka moja ilinitosha kabisa, na mwenye duka moja leo simwambii ahame.

Kilichonisukuma ni Muheza. Kila jioni kijana wangu wa kule alinitumia picha za daftari, nami nikakesha nikiingiza mstari kwa mstari. Mchana ni simu: "Shikamoo mama, bati za geji 30 zimebaki ngapi huko?" Namjibu kwa hesabu ya jana, mteja anafunga safari, anafika bati hazipo.

Halafu kompyuta ikazima. Fundi alipoifungua alinionyesha kutu iliyotambaa ndani, kama ya misumari iliyolala nje. Upepo wetu wa bahari hauchagui chuma. Nakala ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Madeni ya wiki hizo niliyakusanya kwa kuwapigia wateja mmoja mmoja, na namshukuru kila aliyesema kweli.

Hata hivyo sikukurupuka kuhamia programu ya wingu, yaani ile ambayo kumbukumbu zake hukaa kwenye seva (kompyuta za kampuni inayoiuza) na kufikiwa kwa intaneti. Nilikumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasumbua nchi nzima. Jirani yangu, ambaye programu yake haifunguki bila mtandao, aliandika mauzo kwenye vipande vya maboksi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, niliwauliza wauzaji watatu: mtandao ukikatika, nauzaje? Wawili walizungukazunguka. Wa tatu alizima data mbele yangu, akauza mfuko wa saruji kwenye tableti, akawasha tena, na mauzo yale yakaingia yenyewe. Nikamchukua huyo.

Nilihama 1 Januari, baada ya kuhesabu mali yote rafu kwa rafu. Hesabu mbovu ukiipandisha kwenye wingu inabaki mbovu. Mwezi mzima niliandika kote kuwili, kwa njia ya zamani na kwenye programu mpya, mpaka jumla zikalingana.

Kasoro zipo. Mtandao ukikatika, maduka mawili hayaonani. Februari tuliuza bati 20 zilezile mara mbili, nikalazimika kununua kwa mwenzangu kwa bei ya rejareja ili mteja asikose. Sasa kila duka lina laini za mitandao miwili. Malipo nayo ni ya kila mwezi, na nikipiga hesabu ya miaka mitatu yanazidi bei ya programu ya zamani. Risiti za kodi za EFD bado nazitoa kwenye mashine yake, si kwenye programu hii.

Jambo ninalolisisitiza sana: usilipe kabla hujaonyeshwa jinsi ya kushusha kumbukumbu zako zote. Mimi nashusha faili la Excel kila Jumamosi. Na daftari la madeni lina majina na namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanihusu mimi mwenye duka, hata kama seva ni ya mwingine. Mfanyakazi akiondoka, nywila yake naifunga siku hiyohiyo.

Kijana wa Muheza siku hizi hanipigii kuuliza bati. Anaangalia mwenyewe, akiona zimebaki chache ananiandikia nimpakilie kwenye gari la asubuhi.