Mwezeshaji wa MEWAKA darasani kwangu: huduma nzuri, ratiba ndiyo tatizo

Nafundisha darasa la pili lenye watoto zaidi ya 90. Nimezoea wageni wanaofungua andalio la somo, wanahesabu madaftari yaliyosahihishwa, wanaandika na kuondoka. Kwa hiyo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yalipofika shuleni kwetu niliyapokea nusunusu.

Mwezeshaji wetu ni mwalimu mwenzetu, anafundisha darasa la nne. Hakuja na fomu. Aliniuliza, "Madam, wewe unataka tuangalie nini?" Nikamwambia: watoto wanasoma "ba, be, bi" vizuri, wakifika "mbwa" au "ng'ombe" wanakwama. Tukaandaa somo pamoja, kadi za maneno tukazikata kwenye maboksi. Mimi nikafundisha. Yeye akakaa nyuma, na kila mara darasa liliposoma kwa pamoja alimsogelea mtoto mmoja mmoja akamsikiliza. Kipindi kilipoisha akanipa daftari lenye majina ya waliokuwa wakifuata sauti za wenzao bila hata kutazama kadi. Aliyesimama ubaoni mbele ya umati ule hawezi kuyasikia hayo, hata awe hodari vipi. Safari ya pili akafundisha yeye, mimi nikakaa nyuma kusikiliza. Tukawapanga watoto wale kwenye vikundi vidogo na sasa wengi wao wanasoma "mbwa" bila kuitafuna herufi kwa herufi.

Daftari lilibaki kwangu, halikwenda ofisini. Ndiyo sababu ya mimi kumweleza mambo yangu waziwazi. Rafiki yangu anayefundisha shule nyingine anasema kwao maoni ya mwezeshaji hugeuka alama kwenye ripoti, hivyo walimu huandaa somo la maonyesho, na akiondoka kila mtu anarudi alikokuwa.

Kikao cha jumuiya ya ujifunzaji, yaani walimu wa shule tunaokutana kujifunza pamoja, ni kizuri pia. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania tunazisoma pamoja kwenye simu ya mmoja wetu.

Ugumu ni muda. Mwezeshaji akiwa kwangu, darasa lake linabaki na kazi ubaoni, na watoto wale nao wana haki yao. Mwalimu mkuu anayetaka huduma hii ifanye kazi ampunguzie vipindi mwezeshaji tangu ratiba ya muhula inapopangwa. Nawe mwalimu, muombe mwezeshaji akae kipindi kizima, na umtajie mapema jambo moja tu la kuangalia.