Priampu ya muda ya bei nafuu: kisanduku, adapta na muuzaji wake

Kwa yeyote anayetafuta priampu, yaani kifaa cha kuchagulia chombo na kurekebishia sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, ya bei nafuu ya kushika nafasi wakati ile yake ya siku zote iko kwa fundi, nina maneno mengi ya kumwambia, na mengi kati ya hayo si mazuri. Priampu yangu kubwa, ya zamani, iliyotengenezwa Uingereza, ilianza kukata upande mmoja tangu kusi likiwa linamalizika. Fundi wa hapa Wete, Pemba, aliifungua, akaitazama kwa muda, akaifunga, na ikabidi ivushwe hadi Dar es Salaam kusubiri kapasita ambazo mpaka leo naambiwa ziko njiani. Nikabaki na amplifaya ya kuendeshea spika isiyokuwa na pa kupandishia wala pa kushushia sauti, na mke wangu akiniuliza kila jioni kwa nini sebule imejaa vyombo visivyosema.

Walikuwapo walionishauri niunganishe deki ya CD moja kwa moja kwenye amplifaya na nisijitie gharama. Ushauri huo ni wa hatari. Deki ya CD hutoa kiasi cha volti 2 muziki unapofika kileleni, na amplifaya nyingi za aina hiyo hufikia ukomo wa nguvu zake kwa kiasi hicho au hata kwa pungufu yake, kwa hiyo ukibonyeza tu, muziki wote unatoka kwa mkupuo na spika ndizo zinazolipa. Kazi kubwa ya priampu katika mfumo kama wangu ni kuipunguza sauti kwa utaratibu na kukuwezesha kuchagua kati ya deki, simu na redio. Kazi hiyo haidai mamilioni, na ndiyo maana nilitaka kisanduku kidogo tu chenye voliumu moja, matundu ya kuingizia na matundu ya kutolea.

Nilikipata Darajani, Unguja, nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa, kwa bei isiyofika laki moja. Kijana muuzaji alikuwa na ukarimu wa kupindukia, "ami" huku na "ami" kule, akanihakikishia kwamba hakuna aliyewahi kukirudisha. Nilipomwomba akijaribu mbele yangu, alisema kwamba spika za dukani zote zimeshafungwa kwenye maboksi. Nikalipa, nikapanda boti hadi bandari ya Mkoani, Pemba, na kutoka hapo gari hadi nyumbani.

Nilipokiwasha, kabla ya kupiga hata wimbo mmoja, spika zilianza kulalama. Haukuwa ule mvumo mzito wa chini ambao kila aliyewahi kufunga vyombo vya harusi anaujua na anajua kuutafuta kwenye nyaya za ardhi. Huu ulikuwa mlio mwembamba, wa juu, wenye mikwaruzo, na haukupungua hata niliposhusha voliumu hadi mwisho. Mimi vyombo hivi nimevikusanya kwa ajili ya taarab asilia. Ganuni inapoanza peke yake, kabla ya fidla kuingia, hapo ndipo mtu anapotaka kusikia kidole kikiuacha uzi, na mimi nilikuwa nasikia mbu.

Nilimwandikia muuzaji kwa heshima, nikamtumia na sauti niliyoirekodi kwa simu. Jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa hili: "Ami, hiyo mashine nzima. Umeme wenu huko Pemba ndio mbovu." Nikamjibu kwamba redio, televisheni na friji ya nyumba hiyohiyo hazilalamiki. Akaandika kwamba nikitaka kubadilishiwa nikipeleke dukani, tena na boksi lake, kana kwamba kati ya Wete na Darajani pana mwendo wa daladala na wala si bahari. Baada ya hapo hakujibu tena.

Fedha zangu ningeweza kuzisamehe, lakini neno hilo siwezi kulinyamazia. Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na Unguja inaupata kutoka upande wa Dar es Salaam kwa waya uliolazwa chini ya bahari vilevile. Gridi ni moja, ya Taifa, na volti ni zilezile 230. Kama ni kuhesabiana aibu, kijana huyo angewauliza wazazi wake habari za Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi ambayo Unguja ilikaa gizani kwa kuharibika kwa waya wake, ilhali sisi wakati huo tulikuwa bado na majenereta yetu ya Wesha, ambayo pamoja na uchakavu wake hayakuutegemea waya wa mtu. Sitaki kuchochea uhasama baina ya visiwa, maana nusu ya jamaa zangu wako Unguja. Ila mteja akileta malalamiko kuhusu kifaa, muuzaji akakimbilia kumtazama anakotoka, huyo hana habari na anachokiuza.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Kisanduku hiki kinatumia volti 12 za umeme wa betri, na nyumbani tuna betri ya sola ya kiasi hichohicho. Nilitafuta plagi ya duara inayolingana na tundu lake, nikahakikisha chanya na hasi viko mahali pake, jambo ambalo halitaki haraka kwa sababu kuvigeuza ni kukiunguza kifaa, nikaacha mezani ile adapta ya kuchomeka ukutani iliyokuja nacho, na kukiunganisha na betri. Mlio ukatoweka. Niliweka sikio kwenye kitambaa cha spika na sikusikia kitu, kisha nikapiga ule wimbo ulionitia hasira, na ganuni ikatoka safi, uzi kwa uzi, fidla zikaingia kila moja na nafasi yake, na nikaketi hadi mwisho wa kanda nzima bila kukumbuka kwamba nilikuwa na ugomvi na mtu.

Ubovu, kwa hiyo, uko kwenye adapta peke yake. Ni ile aina nyepesi isiyo na transfoma nzito ndani, ambayo huukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha. Ubunifu wenyewe hauna kosa, na chaja nyingi za simu hufanya kazi hivyohivyo, lakini mtengenezaji akifanya ubahili kwenye vichujio, uchafu wa ukataji huo hupita katika kisanduku, ukafuata nyaya za sauti hadi kwenye amplifaya. Plagi yake ina miguu mitatu kama soketi zetu zinavyotaka, ila ule wa juu ni plastiki tupu, kwa hiyo uchafu hauna hata pa kushukia ardhini. Kama umeme wa Pemba ungekuwa ndio mbovu, vyombo vyangu vingine visingenyamaza. Hivyo nayafuta niliyokuwa nimekusudia kuyasema: kisanduku chenyewe ni kizuri, na kwa bei ile ni kizuri kupita kiasi.

Au ndivyo nilivyoamini hadi usiku. Watoto wakilala inanibidi nishushe sauti, na pale chini kabisa mwimbaji huacha kukaa katikati, akahamia spika ya kushoto, kulia kukabaki mnong'ono. Voliumu ya bei rahisi ina njia mbili ndani yake, moja kwa kila upande, na mwanzoni mwa mzunguko njia hizo hazilingani. Hasira ikanirudia upya, kwa sababu wakati wa usiku ndio wakati wangu wa kusikiliza. Kwa simu au kompyuta kuna dawa: unashusha sauti kwenye simu yenyewe ili voliumu ya kisanduku ipande hadi karibu na katikati, na pande zote mbili zinalingana. Kwa deki ya CD dawa hiyo haipo, isipokuwa umwombe fundi akufungie rezista mbili kila upande za kupunguza nguvu kabla haijaingia. Ni kazi ndogo, lakini sioni kwa nini mnunuzi aifanye.

Jirani yangu anayekodisha vyombo vya harusi alinicheka, akaniazima mixa yake ndogo ambayo adapta yake ni ya transfoma nzito, na kwa kweli ilifanya kazi hii vizuri kuliko nilivyotarajia. Kasoro yake ni kwamba siku za harusi inatakiwa harusini. Mwenye chanzo kimoja tu anaweza pia kutumia kisanduku kisichohitaji umeme, chenye voliumu na matundu tu, ambacho hakina adapta ya kumsumbua mtu, mradi nyaya za kutoka hapo hadi kwenye amplifaya ziwe fupi, la sivyo sauti za juu hufifia. Wenye santuri wasivitumie vyote hivi peke yake, kwani sindano hutoa milivolti chache tu na inahitaji saketi yake maalumu ya kuikuza na kuirekebisha.

Ukinilazimisha kutoa hukumu leo, nitakwambia ukinunue, kwa sharti kwamba uwe na betri au adapta nyingine. Ukiniuliza usiku, nitakwambia vingine. Kwa vyovyote vile usikitoe dukani mpaka kiwashwe mbele yako kikiwa kimeungwa na amplifaya na spika, bila wimbo wowote, uinamishe sikio usikilize. Muuzaji akikataa kufungua maboksi yake, mwachie mali yake. Na akikuuliza unatoka wapi, mwambie Mkunazini, palepale mjini Unguja.