Kitambaa cha Kuchujia Jeli ya Mapera: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe

Kila msimu wa mapera malalamiko yanayonifikia huwa ya namna moja: jeli imeganda vizuri na rangi imependeza, lakini ukiionja unasikia sabuni, au ukiinua chupa kwenye mwanga unaona ukungu umetanda ndani. Walalamikaji hulaumu mapera, sukari au ndimu. Mimi huwauliza jambo moja tu, nalo ni kazi gani kitambaa walichochujia kilikuwa kikifanya kabla hakijaingia jikoni.

Vitambaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa kuchujia jeli ni adimu katika maduka yetu, na vichache vinavyopatikana huuzwa kwa bei ya kukatisha tamaa, hivyo kila mpishi hujitafutia mbadala. Sitapoteza muda juu ya ukubwa wa matundu wala uimara wa pindo, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyaona kwa macho. Kasoro isiyoangaliwa ni kile kilichojificha ndani ya nyuzi: stachi ya kiwandani ikiwa kitambaa ni kipya, na mabaki ya sabuni au ya dawa ya kulainisha nguo ikiwa ni kikuukuu. Stachi ni wanga, na ikikutana na maji ya mapera yaliyotoka kuchemka hulegea, hupita pamoja nayo na kuyatia ukungu. Dawa ya kulainisha nguo ina ubaya mwingine, kwani huzipaka nyuzi utando wa mafuta, kitambaa kikaacha kunywa maji, matone yakasuasua, na mpishi aliyechoka kungoja akaanza kukamua. Jeli iliyokamuliwa haiwezi kuwa angavu, kwa sababu chembe za nyama ya tunda zimelazimishwa kupita pale ambapo zilitakiwa kubaki.

Kabla ya kununua, au kabla ya kukata nguo yoyote iliyomo nyumbani, dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikiwa kikavu. Likizama papo hapo, endelea. Likisimama juu kama ushanga, utando upo. Kisha chemsha kipande kidogo katika maji machache, uyaache maji hayo yapoe kabisa, na uyatilie tone la iodini ile ya kupaka vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa. Yakigeuka bluu inayokaribia weusi, kuna stachi. Ni lazima yawe yamepoa, kwa maana yakiwa ya moto rangi hiyo haijitokezi, na wapo waliodanganyika kwa kukosa subira.

Nafasi ya kwanza naipa kanga kuukuu ya Urafiki, na sifichi upendeleo wangu kwa kiwanda hicho cha Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kanga zao za zamani nilizozikuta kwenye masanduku ya shangazi na bibi ni pamba inayokunywa maji bila kusitasita, na kwa kuwa zimefuliwa miaka mingi, stachi ilikwisha zamani na rangi iliyokuwa ya kutoka imekwisha toka. Kata sehemu ya mji, si pindo, maana pindoni rangi huwa nzito zaidi. Ifue kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, isuuze mpaka maji yasitoe povu, kisha ichemshe hadi maji yabaki meupe. Mraba wa sentimita 60 hivi unatosha sufuria ya kawaida ya nyumbani. Uloweshe kwa maji ya moto na kuukamua kabla ya kumimina mapera, ili kitambaa kisikunyang'anye juisi, kisha funga pembe zake nne kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, bakuli likiwa chini, ukalale. Asubuhi, makapi yaliyobaki juu yaache yalivyo, wala usiyabonyeze kwa mwiko hata kama bakuli linaonekana halijajaa.

Asiye na kanga ya kurithi anunue marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Unguja katika karne ya 19. Kwa ufumaji haina mshindani, na ningeiweka juu ya kanga kama isingekuwa stachi inayotiwa ili ionekane nzito mkononi mwa mnunuzi. Ichemshe, mwaga maji, uichemshe tena, na usiitumie mpaka maji yake yasigeuke bluu kwa iodini. Bafta nayo inafaa baada ya matibabu hayo hayo, ingawa wengi hawapendi kuiona jikoni kwa kuwa ndiyo sanda, nami sitabishana nao.

Foronya ya mtumba ni mfuko uliokwisha shonwa, jambo ambalo ni faida kubwa, lakini nyingi hunukia manukato ya dawa ya kulainisha na hushindwa mtihani wa tone. Chachi ya hospitali hunywa maji kuliko vyote na haina stachi ya kuhangaikia. Tatizo ni kwamba imefumwa kwa uwazi, hivyo huhitaji tabaka nne au zaidi, na kwa vipande vidogo vinavyouzwa, gharama hupita ya yadi ya marekani inayodumu miaka.

Soksi ndefu za nailoni na chujio la chai ni vya bei ndogo na vinafaa kwa jemu, si kwa jeli. Kifumbu kibaki na tui lake, kwa sababu mafuta ya nazi yaliyonywewa na ukindu hayatoki.

Chandarua kisitumike kabisa. Vile vya Olyset, ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kimekuwa kikitengeneza kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani, vina permethrini, dawa ya kuua mbu, iliyochanganywa ndani ya uzi wenyewe ili ivumilie kufuliwa mara nyingi, na kwa hiyo anayedhani ameitoa kwa kukiloweka usiku kucha ameilowesha tu.

Limebaki suala la wauzaji. Kanga mpya zinazopangwa mbele ya maduka zikiitwa pamba tupu mara nyingi zina polista ndani yake, na bei haishuki kwa ajili hiyo. Marekani nayo hupimwa kwa yadi ambayo ukifika nyumbani imepungua. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni na uuwashe nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo, aliyekwisha niapia kwamba mzigo wake ni pamba asilimia 100, alikitazama kidonge hicho kiganjani mwangu, akanieleza kwamba pamba za siku hizi ndivyo zilivyo, kisha akanitajia bei ile ile.