Leza ya kidevu: niliulizia bei, nikasahau kuulizia mashine

Nina ndevu. Naanza na hilo ili tusizungushane. Tangu nina miaka 22 zinaniota kidevuni na chini ya taya, ngumu, za kujikunja, na kila nikizing'oa kwa kibano zinarudi zikiwa zimejikunjia ndani ya ngozi. Zinafanya vipele, na vipele vinaacha madoa meusi. Shangazi yangu kule Tanga alikuwa ananitoa ndevu kwa uzi, na kwetu uzi na halawa ya kung'olea nywele ni mambo ya kawaida, hakuna wa kushangaa. Ila halawa kwenye kidevu chenye vipele ni adhabu. Kwa miaka mingi ushungi wangu nikawa naufunga juu mpaka unagusa mdomo, watu wakidhani ni uchamungu.

Mwisho nikaamua leza, mashine ya kuunguza mizizi ya nywele kwa mwanga. Nimefanya sehemu mbili, zote hapa Dar es Salaam. Ya kwanza iliniunguza, ya pili naendelea nayo mpaka leo. Majina sitayataja, kwa hiyo msinifuate huko kuniuliza.

Ile ya kwanza ilikuwa saluni ya kupendeza, kiyoyozi kinapuliza, juisi mezani. Walikuwa na ofa: vipindi sita kwa laki sita, ukilipa zote kwa mkupuo. Nikauliza bei, nikauliza kama inauma, nikauliza kama nywele zitaisha kabisa. "Zinaisha kabisa dada yangu, ondoa shaka." Nikalipa. Hakuna aliyetaka kujua napaka nini usoni, nameza dawa gani, wala hedhi yangu inakwendaje. Binti akanipaka jeli ya baridi, akanifunika macho kwa taulo, akaanza kugandamiza kichwa cha mashine kidevuni. Kila akibonyeza, niliuona mwanga kupitia taulo. Nikamwambia inachoma. Akasema basi ndiyo inafanya kazi.

Usiku kidevu kikavimba. Asubuhi nikasogea kwenye kioo cha bafuni: alama nne za mstatili, zimepangana chini ya taya kama stempu kwenye bahasha. Baada ya wiki gamba likabanduka, yakabaki mabaka meusi yenye pembe nne kamili, mtu angedhani yamepigwa kwa rula. Nilikaa nayo miezi tisa. Pesa sikurudishiwa, eti ngozi yangu ina aleji.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba ile haikuwa leza kabisa. Ilikuwa IPL, taa kali inayomwaga mwanga wenye mchanganyiko wa mawimbi. Leza inatoa mwanga wa urefu mmoja tu wa mawimbi. Lakini kazi yao inafanana: mwanga unafuata weusi wa unywele, unageuka joto, joto linaunguza mzizi. Kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi mambo ni mepesi, weusi uko sehemu moja. Sisi ngozi yenyewe ina melanini tele, yaani ile rangi inayoifanya iwe nyeusi, na mwanga hauna macho ya kuchagua. Ukikosea mashine, anayeungua ni ngozi.

Haya yote alinieleza daktari wa ngozi niliyempata safari ya pili, mama mtu mzima aliyesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Alichukua karatasi ya dawa akaigeuza nyuma, akachora ngozi, akachora unywele, akapiga mishale mitatu. Wa kwanza mfupi, leza ya alexandrite, nanomita 755 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Wa pili dayodi, kwenye 800 na kitu. Wa tatu mrefu, unaishia kwenye mzizi: Nd:YAG, nanomita 1064. Mawimbi yakiwa marefu zaidi, melanini ya juu ya ngozi inayanasa kidogo, joto linafika chini linakotakiwa. Akaniambia pia ubaya wake, na hapo ndipo nikamwamini: hiyo ya 1064 inauma zaidi, na kwa kuwa melanini inainasa kidogo, nayo nywele haizimalizi haraka, hasa zile nyembamba. Kuna madaktari wanaotumia dayodi kwa watu weusi na wanafanya vizuri, lakini ni lazima mtu awe ameizoea ngozi yetu.

Akanipa na namba, ngozi yangu ni aina ya 5. Ni kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa Harvard, cha mwaka 1975, kinachopanga ngozi kwa jinsi inavyopokea jua. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe. Aina ya 5 na ya 6, yaani sisi, tuliongezwa baadaye. Nilicheka, ila sikushangaa.

Nilidhani tunaanza siku hiyohiyo. Thubutu! Kwanza alikaribia shavu langu akaniuliza, "Unapaka nini?" Nikajiumauma. Ukweli ni kwamba ili kufuta yale mabaka nilikuwa nimenunua mkorogo kwa jirani, kopo halina hata lebo. Hakunifokea, alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulinitosha. Mikorogo mingi ina steroidi inayofanya ngozi kuwa nyembamba, mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Kwa ngozi iliyochubuliwa hivyo hakubali kuwasha mashine. Nikaambiwa niache, nisubiri mabaka yapungue, na nipake mafuta ya kukinga jua kila asubuhi. Mimi nilijua hayo mafuta ni ya wenzetu wenye ualbino. Kumbe jua ndilo linalokoleza haya madoa yetu.

Halafu akanituma kupima homoni, kwa sababu hedhi yangu huwa inaruka miezi. Majibu yakaja: PCOS, hali ya homoni za mwanamke kuvurugika. Hilo peke yake lilistahili nauli yote. Mwanamke mwenye ndevu nyingi na hedhi isiyotulia aanze kwa daktari, maana leza inaunguza mizizi iliyopo leo, homoni nazo zinaendelea kuamsha mingine. Na nilipomwomba anipigie na mashavu, akakataa. Zile za mashavuni ni malaika tu, vile vinyweleo laini, na leza ya usoni, hasa kwa wenye shida ya homoni, wakati mwingine inaamsha malaika wakawa nywele kamili. Malaika wangu nikawaacha walale.

Siku ya majaribio alipiga nukta chache chini ya sikio, akanirudisha nyumbani, nikakaa wiki mbili kuona kama patabadilika rangi. Ndipo tukaanza. Nimevaa miwani mizito ya kuziba macho, yeye ya kwake, msaidizi ya kwake. Kunyoa kwa wembe siku moja kabla kunaruhusiwa. Kung'oa, uzi na halawa ni marufuku wiki nne kabla na muda wote wa matibabu, kwa sababu bila mzizi leza haina cha kuunguza. Maumivu ni kama kupigwa na mpira wa kufungia noti, mara mia. Na harufu! Kama umewahi kusimama karibu na mtu anayebabua kichwa cha mbuzi, basi unaijua.

Siku kama kumi baadaye nywele zinajitokeza nukta nukta mfano wa pilipili manga, ukipitisha kitambaa zinadondoka. Hapo wengi wanashangilia mapema. Kila kipindi kinanasa zile tu zilizo kwenye msimu wa kukua, ndiyo maana tulirudia kila baada ya wiki sita, mara nane. Nalipa laki moja na nusu kila ninapokwenda, hakuna ofa, na kila mara nguvu ya mashine inaandikwa kwenye kadi yangu. Tatizo lililonisumbua zaidi ni ushungi wenyewe: jasho la daladala na kitambaa kusugua kidevu kilichotoka kupigwa. Siku tatu za kwanza nilivaa wa pamba laini, nimeulegeza, na nilikwenda kazini hivyohivyo.

Matokeo? Katika kumi, nane zimekwenda, zilizobaki ni nyembamba. Vipele vimekwisha, na kwangu hivyo ndivyo vilivyokuwa ugonjwa. Zimeisha kabisa? Hapana. Kila miezi sita au minane narudi mara moja kupunguza zinazochipua. Na mvi haziguswi na leza, hazina weusi wa kufuatwa. Ninazo mbili, kibano changu kipo kwa ajili yao. Miadi inayofuata nimeiweka Aprili makusudi, masika, jua la Dar likiwa limepumzika kidogo.