Mashine ya kukata kwa mtetemo: ununue ya bei rahisi au ya bei ghali?

Mara nyingi anayeulizia mashine hii ameshakwama mahali. Ana fremu ya mlango inayotakiwa kupunguzwa milimita 12 kwa chini ili kigae kipite, na kila chombo alichonacho kimekataa. Grenda itaunguza mbao na kuchana ukuta, jigsoo inagonga sakafu, msumeno wa mkono hauna nafasi ya kwenda na kurudi. Kwa mashine ya mtetemo unalaza kipande cha kigae sakafuni, unaegemeza bledi juu yake kama kipimo, na dakika mbili baadaye kigae kinapita chini ya fremu bila pengo.

Akienda kununua anakuta moja ya bei nafuu, na pembeni yake nyingine inayofanana nayo kwa macho lakini bei yake ni mara nne au tano. Watu huniuliza tofauti iko wapi. Nimeshika za kila aina, na jibu langu ni hili: unalipia kiasi cha mwendo wa mota kinachofika kwenye jino la bledi. Kile kisichofika hakipotei hewani. Kinaingia mkononi mwako na kwenye gia, kikiwa mtikisiko, joto na kelele.

Ili kulielewa hilo, angalia bledi inavyofanya kazi. Haizunguki kama ya grenda. Inacheza kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana, mara 20,000 hivi kwa dakika, hata macho yanaiona kama imesimama. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ilianza kutengeneza mashine za namna hii miaka ya 1960 kwa ajili ya kukatia plasta za hospitali: plasta ngumu inakatika, ngozi laini inacheza pamoja na bledi. (Usijaribu hilo na bledi ya mbao. Meno yake yanachana nyama vizuri tu.) Kwa muda mrefu Fein walikuwa karibu peke yao sokoni. Hataza yao (haki ya kuitengeneza peke yao) ilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya 2000, kila kiwanda kikaingia, na ndipo bei zikaachana hivi.

Pembe kwanza, wati baadaye

Wengi husoma wati kwenye boksi na kuishia hapo. Mimi natafuta digrii. Mashine nyingi rahisi zina pembe ya digrii 2.8 hadi 3 kwa jumla, na za juu zinaweza kufika 4 au zaidi. Tofauti ya digrii moja inaonekana ndogo, lakini ipige hesabu. Ncha ya bledi ikiwa milimita 90 kutoka katikati ya mhimili, digrii 3 zinaisogeza kama milimita 4.7, na digrii 4 zinaisogeza milimita 6.3. Meno ya bledi yamepishana milimita moja na kitu. Mwendo ukiwa mfupi, unga wa mbao hautoki kwenye mfereji; unakaa katikati ya meno, unasuguliwa, unaungua. Ule moshi na ule mstari mweusi kwenye mbao, ambao wengi hudhani ni bledi butu, mara nyingi ni bledi nzima iliyokosa nafasi ya kutema unga.

Kuwa makini na namna digrii zinavyoandikwa. Wengine huandika jumla, wengine huandika upande mmoja tu, kwa mfano 2 × 1.5, ambayo ni 3 ile ile. Bosch wameweka hesabu hiyo ndani ya jina lenyewe: GOP 30-28 ni wati 300 na digrii 2.8, GOP 55-36 ni wati 550 na digrii 3.6. Usipoiona namba hii popote, si kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelezo, chukulia kwamba ni ndogo.

Kibano kinachoshika bledi

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilikuwa nakata fremu kwa mashine rahisi niliyoazima, ya kufunga bledi kwa boliti na ufunguo wa pembe sita. Nusu ya kazi sauti ikabadilika, ikawa ya kukwaruza, na kijana aliyekuwa akinisaidia akasema, "Fundi, mbona haisogei?" Mota ilikuwa inacheza, bledi imetulia. Boliti ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wake yenyewe. Nikaikaza, nikaendelea, ikalegea tena. Mara ya tatu nikaikuta ile sahani ya kibano imelika kingo, na tangu hapo hakuna bledi iliyoishika vizuri. Mashine ilikuwa haijamaliza hata mwaka, na nililazimika kumlipa mwenye mashine.

Kwa hiyo naangalia kibano kuliko kitu kingine chochote. Kizuri hufunguka na kufunga kwa mkono, bila ufunguo, na kina springi yenye nguvu inayoivuta bledi ndani wakati wote, hivyo mtikisiko hauwezi kuilegeza. Kampuni ya DeWalt hutumia kishikio cha kubana kwenye mashine yake ya DWE315 na ndugu zake, ambacho hata ukiwa na glavu kinafanya kazi.

Halafu kuna umbo la tundu la bledi, jambo litakalokugharimu baadaye usipolijua leo. Mashine nyingi hushika bledi bapa zenye tundu la kawaida, ambazo hupatikana kila mahali na kwa bei zote. Mwaka 2016 Bosch na Fein walileta Starlock: tundu lake limebonyezwa kama bakuli, na bledi inakaa ndani ya koni badala ya kulala bapa. Inashika sawasawa, na nguvu ya mota inaenda yote. Starlock ina ngazi tatu: Starlock, StarlockPlus na StarlockMax. Mashine ya Max inapokea bledi za ngazi zote. Ya Starlock ya kawaida haipokei za Plus wala Max. Ukinunua mashine ya Starlock, hakikisha kwanza bledi zake unazipata kwa urahisi unakoishi. Mashine bora isiyo na bledi ni mzigo.

Mtikisiko

Sitalipita hili haraka, kwa sababu nimeona mafundi wazee ambao vidole vyao vinakufa ganzi asubuhi. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu mtikisiko wa mikono zinataka mwajiri aanze kuchukua hatua mtikisiko ukifika 2.5 m/s² (kipimo cha ukali wa mtikisiko) kwa wastani wa siku ya saa 8, na zinakataza kupita 5. Namba ya mtikisiko huandikwa kwenye kitabu cha mashine. Sasa hesabu: mashine yenye 5 m/s² inakufikisha kwenye ile 2.5 baada ya saa 2 za kukata mfululizo. Yenye 10 inakufikisha baada ya nusu saa. Mtikisiko ukiongezeka mara mbili, muda unapungua mara nne.

Hapo ndipo mashine ghali inapolipa deni lake. Kwenye MultiMaster kubwa za Fein, mota imetenganishwa na ganda la nje kwa mpira, kwa hiyo bledi inacheza na mkono umetulia. Anayekata fremu mbili kwa mwaka hataona maana yake. Anayekata kila siku ataiona jioni ya kwanza, akishika kikombe.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya kati, ya waya, yenye kibano kisicho na ufunguo, wati 300 hadi 400 na digrii 3 au zaidi. DWE315 na GOP 40-30 ziko hapa. Inafanya kazi zote za nyumbani na nyingi za fundi, haitegemei betri, na ukiitunza itadumu miaka mingi. Mtu akiniuliza bila kunieleza chochote kuhusu kazi yake, hii ndiyo ninayomwambia.

Ya pili ni ya betri, kwa sharti moja: uwe tayari una drili au mashine nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ili betri na chaja ziwe zile zile. Nunua mwili wa mashine peke yake, bila betri wala chaja. Tafuta mota isiyo na kaboni (vile vijiti vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika taratibu), maana haipotezi umeme mwingi na haina kaboni za kuisha. Lakini usidanganyike kuhusu muda. Betri ya volti 18 na Ah 2 (ujazo wake) ina Wh 36, yaani inaweza kutoa wati 36 kwa saa moja. Mashine ikivuta wati 300 mfululizo, hiyo ni dakika 7. Kwa kukata bomba moja juu ya ngazi inatosha sana. Kwa fremu za nyumba nzima utahitaji betri tatu au waya. Kama huna betri ya kampuni yoyote, aina hii inashuka hadi nafasi ya nne.

Ya tatu ni ile ya juu kabisa: Fein MultiMaster, Bosch GOP 55-36, na zile za StarlockMax. Kwa fundi wa vigae, wa madirisha au wa mabomba anayeishika kila siku, ipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sababu ya mikono yake na kwa sababu ya kasi. Kwa mwingine ni pesa iliyolala kabatini.

Ya nne ni rahisi ya kibano cha boliti. Sikatazi mtu kuinunua. Kama kazi ni moja, inajulikana, na haizidi siku mbili, inunue, kaza boliti kila baada ya dakika chache, ipumzishe ikipata joto, na ukimaliza umpe jirani. Angalia tu kama kaboni zake zina vifuniko vya nje unavyoweza kufungua kwa bisibisi. Nyingi hazina, na kaboni ikiisha mashine nzima imeisha.

Ya mwisho, ambayo namsihi kila mtu aipite, ni seti kubwa ya vipande 60 au 100 ndani ya mkoba wa plastiki, iliyopangwa bei karibu na ya kati. Pesa ambayo ingeingia kwenye kibano na gia imeingia kwenye karatasi za msasa. Bledi zake za kukata huwa mbili au tatu, za chuma laini, na msumari wa kwanza unazimaliza.

Bledi

Ukibana bei ya mashine, usibane bei ya bledi. Bledi nzuri kwenye mashine rahisi inakata vizuri kuliko bledi mbovu kwenye MultiMaster. Nimejaribu, na sikutegemea tofauti kubwa kiasi kile. Za chuma cha kaboni, zenye alama HCS, ni za mbao safi na plastiki. Zenye alama BIM zina meno magumu zaidi na huvumilia msumari wa kawaida. Skrubu ngumu huzivua meno kwa sekunde chache, na hapo unahitaji kabaidi, yaani meno ya madini magumu kuliko chuma. Kwa groti na vigae, kabaidi ya chengachenga au almasi. Kwa kuanzia nunua BIM mbili pana za milimita 30 hivi na kabaidi moja, basi. Nyingine utazijua kazi ikikuita.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu. Funga bledi, izime, kisha ishike ncha ya bledi kwa glavu uisukume kushoto na kulia: ikicheza hata kidogo kabla mhimili haujasogea, irudishe. Iwashe kwa kasi ya juu kwa dakika mbili bila kukata chochote, halafu gusa shingo karibu na gia. Uvuguvugu si tatizo. Ikikufanya uondoe mkono, itakuunguza zaidi ikianza kukata mbao kweli. Mwisho ipunguze hadi kasi ya chini kabisa na usikilize kama sauti inashuka taratibu, kwa sababu chuma kinakatwa kwa kasi ya chini, na swichi inayoruka kutoka taratibu hadi juu bila kati itakulia bledi zote za chuma ulizonunua.