Mashine ya mayai 56 na mayai yangu ya kuchi: hichi kipimo cha unyevu kinadanganya

Assalamu alaikum jamani, karibuni tena uani kwetu Fuoni. Makelele hayo myavumilie, huyo jogoo ndiye mwenye nyumba, mie mpangaji tu.

Haya. Ile mashine ya kutotolea. Mmeniandikia sana, "dada mbona umeinyamazia?" Nimeinyamazia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mie nikirekodi na hasira bi mkubwa wangu huja kunisimamia mlangoni.

Mambo ya siku 21, nyuzi joto 37.7, feni, trei kujigeuza yenyewe, siyasomi. Yameandikwa kwenye boksi na nyote mnayajua. Nataka mkitazame kitu kimoja tu. Mwanangu, sogeza simu. Karibu zaidi, wasione mkono wangu tu. Hichi hapa, kidude cheusi kinachoning'inia kwa waya. Hichi ndicho kinachokuandikia pale juu kwamba unyevu asilimia kadhaa. Na hichi ndicho kilichoniulia vifaranga vya kuchi kumi na moja.

Mkumbuke, kuchi, hawa kuku wetu warefu wa asili, si Sasso, wale chotara wa kisasa wanaotaga sana. Mtetea wangu wa kuchi akijitahidi ananipa mayai kumi na mbili, kumi na tatu, kisha anapumzika kama mtu aliyefunga kazi. Kwa hiyo kila yai nalijua. Na jogoo si wangu, nimemuazima kwa mjomba wangu Makunduchi, kwa sharti kwamba katika watoto watakaotoka humu, wanne ni wake. Basi nikatia mayai 24, mwezi wa Aprili, mvua ya masika inanyesha kweli kweli. Nikaangalia pale juu: unyevu 36. Kitabu chao kinasema kusipungue 50. Nikatia maji mfereji wa kwanza, humu humu ndani ya mashine. Ikapanda kidogo. Nikatia wa pili. Ikafika 55, nikalala kwa raha zangu.

Siku ya 18 nikayapima kwa tochi, manne meupe, hayana kitu. Yaliyobaki 20 yote yana mtoto. Nikafurahi, nikampigia mjomba. Siku ya 21, wakatoka tisa. Ya 22, hakuna. Ya 23 nikavunja yaliyobaki. Vifaranga vizima, manyoya yapo, mdomo upo, vimekufa ndani na majimaji. Yaani vimezama. Kwenye yai!

Sasa tazameni. Hii chupa ya achari, imeoshwa. Humu nimetia kifuniko cha soda, na ndani ya kifuniko chumvi ya jikoni, nimeitonesha maji kidogo tu mpaka imekuwa kama uji mzito. Isiyayuke yote, ikiyayuka umeharibu. Nakishusha kidude changu ndani, kisiguse chumvi, na mdomo wa chupa nauziba kwa donge la unga wa chapati, hivi, kuzunguka waya. Mnacheka, lakini unga unaziba vizuri kuliko selotepu. Chumvi ya mezani yenye majimaji, ikifungwa pahala padogo, hewa yake hukaa kwenye unyevu wa asilimia 75. Daima. Ukiwa Fuoni, ukiwa Ulaya, ni 75. Basi tunaiacha tangu jioni mpaka asubuhi.

(Bonyezeni kengele hapo wakati tunasubiri. Tumeshapita wafuatiliaji elfu mbili, nakushukuruni, ingawa nusu yenu ni jamaa zangu wa Wete.)

Asubuhi. Mie sijagusa kitu, shahidi huyu mwanangu. Inasoma ngapi? Sitini na moja. Ilitakiwa 75! Kasoro 14, jamani. Sasa turudi kwenye ile 36 iliyonitia wasiwasi. Ongezeni 14. Hamsini! Yaani nilikuwa pale pale panapotakiwa, bila hata tone la maji, na ile 55 niliyolalia kwa raha ilikuwa 69. Na vifaranga vinataka 69 siku tatu za mwisho tu, siyo tangu siku ya kwanza.

Na hii ndiyo hasira yangu, kwa sababu hata kipimo kingekuwa kizima, kile kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya watu wa visiwani. Hewa yetu ya masika imeshalowa tayari. Ikiingia humu na kupashwa moto, unyevu wake unashuka mpaka karibu na hiyo 50, basi, umeshafika. Mtu aliye nchi kavu, mwenye baridi na upepo mkavu, huyo atie maji mifereji yote miwili. Mie wa Fuoni natia maji ya nini? Yai linatakiwa likauke kidogo kidogo, ule uwazi wa hewa upande wa butu ukue, kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Usipokua, ndiyo hayo ya kuzama.

Kwa hiyo mzao wa pili sikukiangalia tena kile kipimo. Nilichukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Yai namba 7, nimeliandika kwa penseli, siku ya kwanza gramu 58. Siku ya 7, 55. Siku ya 14, 52. Siku ya 18, hamsini na nusu. Yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 13 ya uzito mpaka siku ya 18, na hilo limepoteza hivyo hivyo. Maji sikutia kabisa mpaka siku hiyo ya 18, nilipozima kugeuza, ndipo nikajaza mifereji yote miwili na sikufungua kifuniko tena hata niliposikia sauti. Mayai 24, yenye mtoto 19, waliotoka 17. Hawa hapa. Huyo mweusi msimshike, ana hasira kama baba yake.

Kuna mwenzangu mmoja, simtaji, anaisifu mashine hii kila wiki kwenye chaneli yake. Sawa, lakini yeye anatotoa mayai ya kununua kwa trei, kumi yakiharibika hajui hata yalikuwa ya nani. Bi mkubwa yeye hataki kusikia habari za mashine kabisa. Koo wake wa kienyeji ameatamia kumi, ametoa tisa, chini ya ngazi, bila umeme. Na kwenye umeme siwezi kumjibu, maana nani Unguja amesahau Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya giza? Hii ina pahala pa kuunga betri ya volti 12, hilo nalisifu. Lakini kuchi wangu mimi mzito, akilalia mayai anavunja, na nikimwachia vifaranga nje kunguru wanamaliza. Kunguru hawa waliletwa kutoka India miaka ya 1890 eti wale taka. Taka zipo, na vifaranga vyangu wanakula!

Bei. Nimenunua Darajani laki mbili na thelathini. Kwa feni na trei, inafaa. Kwa kipimo cha unyevu, muuzaji anirudishie elfu thelathini yangu. Mwanzo nilitaka kusema msinunue, sasa nasema nunueni, lakini chupa ya achari iwe tayari.

Video ijayo ni chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, ile chanjo ya tone la jicho, kwa hawa hawa. Mmoja wa Bububu ameuliza kama nauza. Siuzi bado. Mjomba alikuja Ijumaa kuchukua wanne wake, akawashika miguu mmoja mmoja, polepole, anakunywa chai yangu, na wale wanne wenye miguu minene kuliko wote ndio waliokwenda Makunduchi.