Uzoefu wangu: darasa la karate ya Goju-ryu kwa watu wazima na kujiamini kulikotokana nalo

Nimehudhuria darasa la jioni la karate kwa watu wazima, mtindo wa Goju-ryu, hapa Dar es Salaam, kwa muda wa kutosha kuandika tathmini isiyotokana na msisimko wa wiki za mwanzo. Tunafanyia mazoezi katika ukumbi wa shule baada ya wanafunzi kuondoka. Tangazo lililonivuta liliahidi mambo mawili, kujilinda na kuijenga roho. La kwanza limetimia kwa kiasi kidogo kuliko nilivyotarajia. La pili limetimia, ila kwa njia ambayo tangazo halikuigusia kabisa.

Kuhusu kujilinda, nampongeza mwalimu kwa ukweli wake. Alituambia mapema kwamba anayezingirwa na vibaka wenye mapanga atoe simu na kuondoka salama, na kwamba mazoezi ya wawili wawili ukumbini, ambamo kila mmoja anajua pigo litatokea wapi, hayafanani na ugomvi wa kituo cha daladala. Anayetafuta mbinu za mtaani tu ataondoka na manung'uniko.

Kilichonibakiza ni Sanchin. Sehemu kubwa ya kila kipindi hutumika kwa kata hii, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa ambao mtu huufanya peke yake, ambayo kwa mtazamaji haina mvuto wowote: hakuna kuruka wala mateke, bali hatua chache mbele, kugeuka, hatua nyingine chache, ngumi zikitoka polepole huku vidole vya miguu vikiishika sakafu, na pumzi ikivutwa kwa pua na kusukumwa nje kutoka chini ya kitovu. Kanryo Higaonna, aliyejifunza sanaa ya mapigano Fuzhou, China, katika karne ya 19, aliifundisha Naha katika kisiwa cha Okinawa. Mwanafunzi wake Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, akaifanya kuwa nguzo ya mtindo wake. Kwa wanaoanza, Miyagi alitunga kata nyepesi zaidi mwaka 1940, ziitwazo Gekisai, na sisi pia tulianza kukariri hizo. Hata hivyo, Gekisai inaweza kufanywa vizuri na mtu mwenye kumbukumbu nzuri na mwili mwepesi. Sanchin humfichua mtu yeyote.

Humfichua kwa sababu hufuatiwa na jaribio. Mwanafunzi akiwa katikati ya kata, mwalimu hupita nyuma yake na kumpiga makofi mabegani, mgongoni na mapajani, kisha humsukuma kiunoni kuona kama miguu imeshika. Huomba ridhaa kwanza, na kwa mgeni huanza kwa kugusa tu. Kwa sisi wanawake hufanya hivyo senpai (mwanafunzi aliyetutangulia) wa kike, utaratibu ambao ningependa uigwe na madarasa yote. Kofi linapotua, mwili una hamu moja tu, kuizuia pumzi na kupandisha mabega. Kazi ya mwanafunzi ni kutofanya lolote kati ya hayo: pumzi iendelee kwa mwendo uleule, macho yabaki mbele, hatua inayofuata ianze kwa wakati wake. Inaonekana ni jambo dogo mpaka mtu alijaribu.

Nimeielewa zaidi thamani ya zoezi hili kupitia nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye mwaka 1977 alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake huchotwa katika vyanzo vinne: mambo aliyowahi kuyafanikisha yeye mwenyewe, kuwaona watu wanaofanana naye wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyoitafsiri hali ya mwili wake, kwa mfano kutetemeka au moyo kwenda mbio. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote, kwa maelezo yake, ni kile cha kwanza. Semina za uhamasishaji ambazo wengi wetu mjini tunazilipia hutegemea zaidi chanzo cha tatu, ndiyo maana ari yake mara nyingi huishia mlangoni mwa ukumbi. Darasa letu halina hotuba. Lina kofi, pumzi na kata inayopaswa kumalizwa, na aliyeimaliza hahitaji kuambiwa kwamba anaweza. Kuhusu chanzo cha pili, senpai wetu ni bibi mwenye wajukuu, na kumwona akisimama imara katika jaribio kuliko vijana wa nusu ya umri wake kumeniondolea visingizio vingi kuhusu umri wangu.

Manufaa yenyewe nimeyaona kazini. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, na kila mwaka husimama mbele ya mkutano mkuu kusoma hesabu kwa wanachama, ambao gawio likipungua hawasubiri ukurasa wa pili kabla ya kuanza kupaza sauti. Zamani sauti yangu ilipanda, nikasoma haraka ili nikae. Katika mkutano uliopita makelele yalikuwa yaleyale na moyo ulikwenda mbio vilevile, lakini niliutambua mshtuko ule kuwa ni uleule wa kofi la begani, nikashusha pumzi, nikaendelea na sentensi niliyokuwa nimeifikia. Siwezi kudai kwamba nimekuwa mtu jasiri. Bado naogopa kuendesha gari usiku na bado sipendi kubishana na fundi. Nilichopata ni uwezo mmoja mahususi, wa kuendelea na jambo nililolianza wakati mwili unanitaka niliache, na kwangu huo unatosha kuhalalisha ada.

Kuhusu neno roho, najua kwamba Waislamu wenzangu na Wakristo wa baadhi ya madhehebu husita wanapoona wanafunzi wakiinama kuelekea ukuta wenye picha ya Miyagi, au wakikaa kimya kwa magoti huku wamefumba macho. Nilimuuliza mwalimu kabla ya kulipa. Alinieleza kwamba kwake kuinama ni salamu na shukrani tu, wala hakuna ibada inayofundishwa. Asiyeridhika husimama wima na kuweka mkono kifuani, na hakuna anayemkodolea macho. Nimechagua njia hiyo. Kipindi pia husimamishwa kwa muda ili tunaosali Magharibi tusali. Kama darasa jingine halitoi nafasi ya namna hiyo, ni haki ya mtu kulikwepa.

Kasoro zipo. Ada ya mwezi ya shilingi 50,000 ni ya wastani, lakini gharama za mitihani ya mikanda hazikuelezwa siku ya kujiandikisha, na hupanda kila daraja. Mikanda ya rangi ni desturi ambayo karate iliiazima kutoka judo ya Jigoro Kano; ina faida kwa mtoto anayehitaji kuona hatua zake, ila kwa mtu mzima inaweza kugeuka lengo lenyewe, na nimewaona wenzangu wakikimbilia rangi inayofuata huku pumzi yao katika Sanchin ingali imebanwa. Sakafu ni ya saruji na mikeka haitoshi. Zaidi ya yote, hakuna fomu ya afya. Kata inayofanywa kwa kukaza mwili mzima inaweza kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa anayezuia pumzi, hivyo mwenye tatizo hilo amwone daktari kwanza na amwambie mwalimu waziwazi.

Darasa hili ningelipendekeza kwa mtu mzima ambaye hushindwa pale tu anapotazamwa, na aliye tayari kurudia jambo moja lisilopendeza macho kwa miezi kadhaa. Sitalipendekeza kwa anayetaka mashindano, kwa kuwa kumite, yaani kupambana na mwenzako, huchukua dakika chache tu kwa wiki, wala kwa mzazi anayetaka mtoto wake arekebishwe tabia, jambo ambalo ukumbi haujaahidi. Ombeni kuhudhuria kipindi kimoja bila malipo, wanaruhusu, na mkae upande ambao mtaliona jaribio la Sanchin. Mimi nimelipia miezi mitatu mingine, na mtihani wa mkanda wa kijani nimeuahirisha mpaka goti langu la kulia likubali kukaa kwenye ile saruji.